Mafundi wa Rangi wa Ghorofa ya Tano

Shangazi Kui, mimi ni msomaji wako wa kila Jumamosi, naishi Donholm, nina miaka thelathini na tisa, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa kike, Mwelu, na leo ni zamu yangu kukuandikia, naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, kwa sababu najua wengine wakisikia jambo langu watasema ni shida za watu walioshiba.

Familia yetu inatengenezewa filamu. Si hizi za kurekodiwa kwa simu, ni filamu yenyewe, ya kamera kubwa na taa, itaonyeshwa kwenye sinema na pale mwanzo itaandikwa kwamba ni kisa cha kweli. Huenda kisa chenyewe ulikiona kwenye habari miaka minne iliyopita, kile cha Mzee Muthama, tajiri wa fleti aliyetekwa siku kumi na tisa akaja kupatikana Tassia ndani ya jengo lake mwenyewe. Huyo ni baba mkwe wangu. Mimi ni mke wa Munyoki, kitinda mimba wake.

Sasa shida ya kwanza ni huyu dada aliyechaguliwa kuniigiza. Shangazi, mimi si mtu wa kujisifu, lakini Donholm watu wananijua, mimi huvaa, na huyu dada wamemfunga leso kichwani mwanzo hadi mwisho kama mtu anayeuza makaa, na nikimuuliza dairekta, msichana mmoja aliyekulia Umoja anaitwa Lorraine, ananiambia ati leso inaonyesha huzuni, kana kwamba mtu hawezi kuhuzunika akiwa amesukwa. Na si mimi peke yangu ninayelalamika. Wifi yangu Nthoki, ambaye kanisani wanamwita Mama Maombi, anataka sala zake ziongezwe kutoka mbili hadi tano. Mume wangu amenuna wiki nzima kwa sababu mwigizaji wake ni mfupi. Shemeji yangu mkubwa Mativo ndiye pekee aliyeridhika, maana kwenye filamu yeye anamtafuta baba yake Industrial Area, godauni baada ya godauni, akilia, na ombi lake lilikuwa moja tu, gari analolilia ndani liwe jeusi. Tulifanya mkutano wa familia juu ya mambo haya, ukaanza saa nane ukaisha saa moja, tukawa na mwenyekiti na mwandishi wa kumbukumbu, na Mzee alikuwa pale pale kwenye kiti chake cha magurudumu, hakuna aliyemuuliza angependa aigizwe na nani.

Shida ya pili ni siku ya uzinduzi. Mativo ameamuru tuvae rangi moja, ya dhahabu, tupigwe picha mlangoni, na mimi sitaki kwenda, na mume wangu anasema nisipoenda watu watauliza kwa nini. Ili uelewe kwa nini sitaki inabidi nikueleze kidogo kile kisa, kwa sababu kilivyo kwenye filamu sivyo kilivyokuwa.

Mzee alianza maisha akichonga vinyago, twiga na ndovu wa kuuziwa watalii, yeye na wachongaji wenzake saba, na ploti ya kwanza aliinunua Tassia wakati watu walikuwa wanamcheka kwamba amenunua matope, na kutoka hapo akajenga majengo matatu. Mama mkwe alipofariki Mzee akawa mtu wa kufikiri sana. Jumapili moja tukiwa mezani akasema jengo moja kati ya hayo matatu atawapa wale wachongaji waliobaki hai, kwa sababu ile ploti ilitoka kwenye mikono ya wote. Nthoki aliacha kutafuna. Wiki hiyo hiyo ndugu watatu wakakutana nyumbani kwangu, mimi nikiwapikia chai, wakakubaliana kwamba uzee umemwingia baba na asipozuiwa atagawa hata viti, na Mativo akasema maneno ambayo hayajawahi kunitoka. Alisema, "Hatumteki baba. Tunampumzisha mpaka akili irudi."

Basi wakamwambia bomba limepasuka kwenye nyumba moja isiyo na mpangaji, ghorofa ya tano. Alipanda ngazi mwenyewe na fimbo yake. Alipoingia wakafunga kufuli kwa nje. Ilikuwa iwe siku mbili, atie sahihi karatasi ya kuwaachia watoto majengo yote, arudi nyumbani. Kazi ya chakula nikapewa mimi, kwa maana katika familia ile mke wa kitinda mimba ndiye wa kutumwa, na Mzee hula muthokoi, chakula cha kabila lake, huwezi kumpa wali akakuelewa, kwa hivyo kila siku nilikuwa nachemsha mahindi yangu yaliyokobolewa na maharagwe, natia kwenye hotipoti, napeleka mchana. Soja wa lango, Willis Omolo, alikuwa ananibebea hotipoti hadi mwanzo wa ngazi. Aliponiuliza nampelekea nani nikamwambia kuna mafundi wa rangi ghorofa ya tano. Akaniambia niwasalimie.

Siku ya pili Mzee hakupiga kelele, aliniangalia tu nikipakua, akaniuliza, "Umetumwa, au umejituma?" Nikasema nimetumwa, Mzee. Akasema sawa, akala.

Sahihi hakutia. Siku ya nne wazee wa kanisa wakaanza kuuliza Mzee yuko wapi, Mativo akaona heri awe wa kwanza, akaenda polisi mwenyewe kuripoti kwamba baba yake amepotea, na kutoka hapo hakukuwa na kurudi nyuma, kwa sababu jioni yake televisheni ilikuwa langoni kwetu na sisi tukalia. Mimi nililia vizuri kuliko wote, Shangazi, ndiyo maana kipande changu walikirudia mara nyingi. Nikimaliza kulia nilikuwa naenda kupeleka chakula.

Siku ya kumi na tisa nilimkuta chini, mdomo umeenda upande. Kiharusi. Nilimpigia Mativo, akaja na Munyoki, na Mativo akasema lazima tumpate Mzee kabla hajafa, akaniwekea ufunguo wa kufuli mkononi akaniambia, "Weka mahali utakapoonekana." Willis alikuwa amemsaidia mpangaji kupandisha mtungi wa gesi na koti lake lilikuwa limetundikwa kibandani, nikautia mfukoni nikaenda zangu. Ni sekunde mbili tu, na polisi walipoitwa wakaukuta. Kortini nikasema kwa kiapo kwamba nilimwona akipandisha chakula. Alifungwa miaka kumi. Mzee hakutoa ushahidi kwa sababu daktari wa Mativo aliandika barua kwamba hawezi kusema, na ni kweli hawezi, na baadaye wakamshika dole gumba wakalibonyeza kwenye karatasi na majengo yakagawanywa, wachongaji hawakupata hata choo. Mzee anaishi na sisi. Uji nikimpa anakunywa. Nikimletea muthokoi anafunga mdomo, lakini msichana wa kazi akipika na kumlisha anakula.

Sasa Lorraine ameajiri kina mama wa Tassia kuwapikia watu wa filamu, na mmoja wao ni Roseline, mke wa Willis. Jumanne iliyopita walikuwa wanarekodi pale Willis anapompikia Mzee muthokoi, kwa sababu alichokuwa anakula Mzee kiko kwenye kumbukumbu za korti, na Roseline alikuwa amesimama na sufuria yake pembeni, akacheka. Akamwambia Lorraine mume wake ni Mluo wa Ugenya, muthokoi hajui hata kama huchemshwa ama hukaangwa. Lorraine akasimamisha kamera, akauliza, basi ni nani alikuwa anapika. Yule dada wa leso akaniangalia, akaniuliza kwa upole, maana bado ni mtoto, "Mathe, siku zile wewe ulikuwa unafanya nini mchana?"

Wakati wa chai Roseline akaniletea kikombe, akaketi karibu yangu. Hana ubaya na mimi, na hilo ndilo linaloniua. Aliniambia hivi: "Mama Mwelu, Willis huniambia wewe ulikuwa unapelekea mafundi wa rangi chakula pale juu. Hao mafundi hawakuitwa kortini. Nimewatafuta miaka minne, nimeuliza kila fundi wa Tassia na Pipeline. Wewe uliwaona kwa macho. Nisaidie hata jina la mmoja."

Nikamwambia nitajaribu kukumbuka.

Tangu hapo Roseline amenipigia simu mara mbili. Mume wangu anasema ninyamaze miezi miwili tu, filamu ikitoka hiyo ndiyo itakuwa ukweli na hakuna atakayefukua tena. Sasa Shangazi, niambie, huyu dada wa leso nimfanyeje, uzinduzi niende ama nisiende, na huyu mama nimwambie nini? Nambari yangu iko chini. Mimi si mtu mbaya.

Mke wa Kitinda Mimba,
Donholm.

*

Shangazi Kui anajibu:

Wasomaji, jibu hili mwenyewe alilipata kabla yenu, kwa simu, Jumapili asubuhi. Nalichapisha lilivyokuwa. Majina ameniruhusu niyaache yalivyo, kwa kuwa yameshaingia kwenye karatasi za mahakama.

Mama Mwelu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, na ulikuwa umenikataza, basi niwie radhi. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu nikahesabu mistari. Leso umeipa mistari tisa. Ufunguo umeupa mmoja na nusu, tena umeupitisha mbio kama mtu anayepita mbele ya duka la anayemdai. Miaka kumi na minne nasoma barua za watu, na nimejifunza kwamba kinachowauma huwa ni kile walichokiandika haraka.

Tumalize yale uliyoyaona makubwa. Huyo dada mwachie leso yake. Kama kuna mahali filamu hiyo imekuharibia sura, si kichwani. Uzinduzi usijisumbue nao, na hiyo nguo ya dhahabu kama hujaishona usiishone. Nthoki naye mwambie sala moja inatosha ikiwa ya kweli, na ikiwa si ya kweli hata tano ni kelele. Nawahurumia waigizaji wa Lorraine, wanaamka alfajiri kwenda kujifunza kulia, na Donholm kuna familia nzima inayoweza kuwafundisha.

Sasa tuzungumze mimi na wewe.

Ninajua maana ya kuolewa mwisho katika nyumba ya wakubwa. Unaketi karibu na mlango wa jikoni, jina lako linaitwa kikombe kikiisha chai. Siku ya kwanza ulipobeba hotipoti ulikuwa na hofu, na hofu hiyo naielewa, sitakupiga kwa ajili yake. Lakini Mzee alikuuliza swali safi kabisa, na wewe umelitumia jibu lako, kwamba umetumwa, kama kitambulisho miaka minne. Mke wa kitinda mimba hutumwa sokoni. Hutumwa maji. Kutia ufunguo kwenye koti la mtu aliyekuwa anakubebea mzigo, hapo hakuna wa kutumwa. Na ulipoinua mkono kortini, Mativo alikuwa ameketi nyuma yako. Mkono uliinuliwa na wewe.

Unaniambia wewe si mtu mbaya. Hiyo si kazi yangu kupima. Naona tu kwamba watu wabaya kweli hawasumbuki kuandika kurasa sita na kuacha nambari ya simu. Nambari hiyo uliiacha ili nikupigie, na nimekupigia. Kwa hivyo nisikilize.

Eastleigh, juu ya duka la vitambaa, kuna wakili anaitwa Hibaq. Kazi yake ni rufaa za wafungwa wasio na wakili. Nimemwuliza bila kutaja jina, akaniambia ushahidi wa uongo ukikiriwa na aliyeutoa, mahakama inaweza kufungua kesi upya. Jumatano anakungoja saa mbili na nusu. Yeye atakuwa wa Willis, si wako, na atakuelekeza kwa wakili wako wewe, maana utamhitaji. Sikudanganyi: huenda ukafungwa. Ukinitafuta nikwambie hutafungwa, tafuta mshauri mwingine.

Mume wako asijue kabla. Najua ni baba wa mtoto wako na nimewahi kuwaandikia wengi wenu hapa kwamba ndoa haifichwi kitu. Hii ifiche hadi Jumatano jioni. Ujumbe wa simu wa siku zile, wa Mativo na wa wengine, kama hukufuta, usiuguse, nenda na simu ilivyo. Mwelu mpeleke kwa mama yako mzazi Jumanne, na umwambie wewe mwenyewe kwa nini, kwa maneno machache, asije akaambiwa na watoto wa shule.

Kisha kuna Mzee. Mmeandikiwa barua kwamba hawezi kutoa ushahidi, na ninyi nyote mkapumua. Mama, mtu anayejua muthokoi wa mkono upi afungie mdomo na wa mkono upi aufungulie, huyo ana akili zake zote. Hawezi kusema, lakini kichwa anakitikisa, au sivyo? Mwambie Hibaq aombe hakimu aende kumwona, na daktari asiwe wa Mativo. Na siku hiyo ya Jumatano Mzee asibaki mikononi mwa watoto wake hata saa moja. Panga na wale wachongaji, waje wamchukue kama wageni. Wazee huaminiwa wakija kusalimiana.

Roseline nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye unayetaka kuanza naye. Usiende kwake. Ukienda utalia, na yeye, kwa jinsi ulivyonieleza, atakubembeleza, na hivyo atakuwa na mizigo miwili na mume wake bado yuko ndani. Msamaha usiuombe sasa. Kuna siku ya kuuomba, na huenda ukanyimwa, na hiyo ni haki yake. Lakini asiendelee hata siku moja zaidi kuzunguka Pipeline akiuliza mafundi. Ukishaandikisha maelezo yako, Hibaq atampigia, amwambie kwamba mafundi hawakuwepo. Yeye atajua la kufanya na habari hiyo.

Nakungoja hadi Alhamisi. Ijumaa asubuhi barua yako inapanda ngazi za Eastleigh, uwe umeenda au hujaenda. Usinichukie. Ukinichukia pia ni sawa.

*

Alikuja Jumatano, saa mbili na dakika kumi, akakuta mlango haujafunguliwa, akaketi kwenye ngazi. Hibaq anasema alizungumza saa tatu bila kuomba maji.

Wachongaji wanne walimchukua Mzee asubuhi hiyo hiyo. Munyoki aliwafungulia mlango, akawakaribisha chai, hakushuku kitu. Wiki iliyofuata hakimu alimhoji Mzee akiwa kitandani, kwa maswali ya ndiyo na hapana, na daktari mgeni akathibitisha kwamba alikuwa anaelewa kila neno. Alipoulizwa kama ni Willis Omolo aliyemfungia, alitikisa kichwa hapana kabla swali halijaisha. Alipoulizwa kama anawajua waliomfungia, alilia, hakimu akangoja, kisha Mzee akaitikia kwa kichwa. Mativo, Nthoki na Munyoki wako nje kwa dhamana. Mama Mwelu naye ana kesi yake na hajaomba ifutwe. Ile karatasi ya dole gumba imepingwa. Lorraine amesimamisha kamera, amerudi kuandika.

Roseline hajazungumza na Mama Mwelu. Walikutana kwenye korido ya mahakama na Roseline akageuka akatazama dirishani mpaka mwenzake alipopita. Kwa Hibaq alisema neno moja tu, kwamba angalau sasa anaweza kwenda sokoni bila kukagua mikono ya kila mwanamume kama ina rangi.

Na ninyi wasomaji wangu, tangu habari hii ienee mitaani mmeniletea ujumbe mia moja na zaidi. Mnauliza filamu itatoka lini. Ni nani atakayemwigiza nani. Kama ni kweli Mativo alitaka gari jeusi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Willis atatoka lini.

Rufaa yake itasikizwa tarehe tisa mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Mlango uko wazi kwa kila mtu na hakuna tiketi. Atakuwa amesimama peke yake upande wa kushoto, na Roseline ameniambia angefurahi akigeuka akute viti vimejaa.